Usipande kwa Kalenda: Tarehe ni ya Jua, Mvua Ina Siku Zake

Swali la kila msimu ni moja: "Tupande mahindi tarehe ngapi?" Mkulima anakumbuka siku aliyopanda mwaka jana. Siku hiyo ikifika, usiku yakadondoka manyunyu, alfajiri yuko shambani na mbegu. Wiki mbili baadaye anatafuta mbegu nyingine, na mbolea aliyotia imeshaliwa na shamba tupu.

Tuanze na jua, maana ndilo kalenda hulifuata. Misimu hubadilika kwa sababu mhimili wa dunia umeinama kwa nyuzi 23.4 hivi, na huinamia upande uleule mwaka mzima dunia ikilizunguka jua. Ndiyo maana miezi fulani kizio cha kaskazini hulielekea jua, miezi mingine zamu ni ya kusini. (Wanaosema joto huja kwa sababu dunia imesogea karibu na jua wanakosea. Dunia iko karibu zaidi mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147 hivi, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, milioni 152. Ingekuwa ni umbali, kaskazini na kusini wangepata joto kwa pamoja.) Jua la utosi huvuka ikweta tarehe 20 au 21 Machi, hufika mwisho wake wa kaskazini na kugeuka tarehe 20 au 21 Juni, huvuka tena tarehe 22 au 23 Septemba, na hufika mwisho wake wa kusini na kugeuka tarehe 21 au 22 Desemba. Hapo kalenda haina kosa.

Mvua je? Katika nchi za joto, ardhi ikichomwa na jua la utosi hewa hupanda, na hewa yenye unyevu huvutwa kuziba nafasi yake. Hivyo hujengeka ukanda wa mawingu ya mvua. Ukanda huo hulifuata jua, lakini kwa kuchelewa wiki kadhaa, kwa sababu ardhi huchukua muda kupata joto na bahari huchukua muda zaidi. Karibu na ikweta hupita mara mbili kwa mwaka, na kwa kawaida huleta misimu miwili. Ukisogea mbali, mapito hayo mawili hukaribiana hadi yakawa msimu mmoja. Sasa, jua hufika kwa tarehe yake, ila ukanda hutegemea pia joto la bahari na pepo za mwaka ule, kwa hiyo unaweza kuwahi au kuchelewa kwa wiki nzima na zaidi. Tarehe ya mwaka jana inakuonyesha jua lilipo. Haikuonyeshi maji yaliyomo ardhini.

Maji hayo yapime. Chukua kopo lenye kuta zilizonyooka, mdomo sawa na kitako, ulifunge kwenye nguzo mahali pa wazi. Kama kuna mti, kaa mbali nao mara mbili ya urefu wake. Kila siku saa 3 asubuhi chovya rula, soma milimita, andika, mwaga. Kopo lililoachwa siku nne bila kusomwa halipimi chochote, maana jua limeshakunywa. Msiniletee hesabu za namna hiyo. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita moja ya mraba.

Mvua inayowadanganya wengi ni ya milimita 8 hivi. Uso wa udongo unang'aa, matope yananata kwenye viatu. Lakini katika udongo mkavu wa kichanga milimita hizo hushuka kama sentimita 10, na katika mfinyanzi sentimita 4 tu. Mahindi umeyafukia sentimita 5! Mbegu ya mahindi huhitaji maji karibu theluthi ya uzito wake ili iote. Kwenye kichanga hupata ya kuvimba na kutoa kizizi, kisha jua kali hunyonya milimita 4 au 5 kwa siku na kizizi hukauka. Mbegu iliyokwisha kutoa kizizi haingoji mvua ya pili.

Kwa hiyo ngoja milimita 20 hadi 25 ndani ya siku mbili au tatu, kisha chimba kwa jembe sehemu tatu za shamba, juu, katikati na bondeni. Udongo wa kina cha sentimita 15 ukiufinyanga mkononi ushikamane. Kwenye mfinyanzi milimita 25 huenda zisifike kina hicho; ngoja zaidi, kwa kuwa shimo ndilo lenye kauli ya mwisho, si kopo. Likishakubali, panda ndani ya siku 3. Kuna wanaosoma ushauri huu nusu kisha wakangoja wiki mbili: nao wanapoteza, kwa sababu naitrojeni inayofunguka udongo mkavu unapolowa husombwa na mvua zinazofuata kama hakuna mizizi ya kuipokea.

Kupanda kwenye vumbi, yaani udongo ukiwa mkavu kabla ya mvua, ni njia halali kwenye udongo wa kichanga au tifutifu, ila fukia sentimita 8 hadi 10 ili manyunyu yasiifikie mbegu, wala usiiloweke. Kwenye mfinyanzi unaofanya gamba, acha kabisa.

Mvua ikichelewa wiki tatu, badili mbegu. Hesabu siku zilizobaki hadi mvua kukatika. Mahindi huumizwa zaidi na ukame kuanzia wiki mbili kabla ya kutoa nywele hadi wiki mbili baada yake, hivyo kipindi hicho kiangukie ndani ya mvua. Aina inayokomaa kwa siku 150 iliyopandwa kwa kuchelewa itatoa nywele juani. Na msitegemee kurudishia, yaani kupanda tena kwenye mapengo: mche uliozidiwa siku 10 na wenzake hufunikwa na kivuli, hula mbolea na haubebi.

Miche ikitoka kwa pamoja ndani ya siku 7 hadi 10, umepatia.