Maliza mkopo wa chuo mapema, na keshi yako usiisahaulie kodi ya mapato

Angalia riba inavyokula: deni la 10,000 kwa riba ya 6% kwa mwaka linazaa kama 50 kila mwezi, so ukilipa 60 ni 10 tu imepunguza deni lenyewe, ukilipa 160 ni 110, ona tofauti jamani. Hiyo ziada waambie kabisa waliokukopesha iingie kwenye deni lenyewe, isihesabiwe rejesho la mwezi ujao. Mikopo ikiwa kadhaa anza na wenye riba kubwa.

Keshi ya vibarua nayo ni kipato hata kama haijapita benki. Mi nikilipwa naandika sikuhiyohiyo kwenye daftari, tarehe, nani kalipa, shing'api, risiti za kazi nabana palepale, alafu natenga ya kodi kwanza ndo nalipa deni.