Namna ya kumwagilia bustani ya umma wakati wa mgao wa maji

Mwongozo huu ni wa wasimamizi na vibarua wa bustani za manispaa, hasa wenzangu wa Dar es Salaam tunaotegemea mto Ruvu. Oktoba 2022 vuli zilichelewa, Ruvu ukapungua na jiji likaingia kwenye mgao. Wakati kama huo bustani huwa ya mwisho kwenye foleni, na ni sawa kabisa: hospitali na majumbani kwanza. Kazi yetu ni kuyapeleka maji machache tunayopata kwenye miti.

Hatua ya 1: Pima maji uliyonayo

Weka ndoo ya lita 20 chini ya mpira, fungua koki, hesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 80, unapata lita 15 kwa dakika, sawa na lita 900 kwa saa. Zidisha kwa saa ambazo ratiba ya mgao inakupa. Pima tena kila wiki, maana msukumo hushuka kiangazi kikikolea.

Hatua ya 2: Amua nani anakunywa

Milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo kuipa nyasi ya mita za mraba 1,000 milimita 5 tu kunakula lita 5,000. Maji hayo hayo yanatosha miti michanga 125 kwa lita 40 kila mmoja. Ukoka ukikauka hugeuka kahawia, lakini vishina vyake vya chini ya udongo viko hai na mvua ikinyesha unachipua. Mkungu ukifa, kivuli chake utakingoja miaka mingi. Acha nyasi. Maua ya msimu nayo acha, hata kama wakubwa wanayapenda.

Miti iliyopandwa ndani ya miaka miwili mitatu ndiyo ya kwanza, kisha miti mikubwa inayopukutisha majani nje ya msimu wake. Mwarobaini uliokomaa huweza kujitegemea.

Hatua ya 3: Peleka maji chini, siyo juu

Hapa ndipo maji mengi hupotea. Kumwagia kidogo kila siku kunalowanisha sentimita chache za juu, jua linazikausha kabla ya adhuhuri, na mizizi inazoea kukaa juu. Afadhali mara moja kwa wiki, polepole, mpaka yazame.

Kwa mti mchanga, inua tuta la duara lenye upana wa kama mita moja, ujaze, usubiri yanywewe, ujaze tena. Mti mkubwa usimwagie shinani: mizizi inayonyonya iko mbali, karibu na ukingo wa kivuli cha saa sita mchana.

Baada ya saa chache chukua kipande cha nondo nyembamba ukisukume ardhini kwa mkono. Kwenye udongo uliolowa kinapita, kikifika pakavu kinagoma. Kisipofika sentimita 30, ongeza maji. Mchanga wetu wa pwani haushiki maji, kwa hiyo ni bora ugawe kipimo cha wiki mara mbili kuliko kukimimina chote yakatoroka chini ya mizizi.

Fanya kazi hii alfajiri. Maji yakitoka usiku tu, yakinge kwenye tenki.

Hatua ya 4: Funika udongo

Majani makavu tunayofagia kila asubuhi na kuyachoma ni mali. Yatandaze unene wa sentimita 5 hadi 10, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina lisioze.

Hatua ya 5: Tafuta maji mengine, kwa tahadhari

Visima vingi karibu na bahari vina chumvi. Kingo za majani zikiungua, simamisha. Maji ya udhu yasiyo na sabuni yanafaa, omba uongozi wa msikiti jirani. Yanayodondoka kwenye viyoyozi vya maofisi hayana chumvi, na kwa unyevu wa Dar ndoo hujaa haraka kuliko unavyodhani.

Hatua ya 6: Mvua ikianza

Usifunge ratiba kwa manyunyu ya kwanza. Rudi na nondo yako: ikigoma kwenye sentimita 10, miti bado ina kiu, endelea kuimwagilia. Mbolea na kukata matawi visubiri mpaka majani mapya yatoke.