Dripu ya ekulizumabu kwa mgonjwa wa PNH

Katika PNH, ugonjwa adimu wa damu, seli nyekundu hukosa protini za kuzikinga, hivyo komplimenti, sehemu ya kinga ya mwili, huzipasua ndani ya mishipa. Ekulizumabu huizuia.

Chanjo za meningokoka, bakteria wa homa ya uti wa mgongo, zitangulie dozi ya kwanza kwa angalau wiki 2, maana komplimenti ikizuiwa bakteria huyo anaweza kuua kwa saa chache. Hata aliyechanjwa akipata homa, akimbizwe hospitali saa hiyohiyo.

Mtu mzima hupewa miligramu 600 kila wiki kwa wiki 4, kisha 900 wiki ya 5, halafu 900 kila baada ya siku 14. Dripu huchukua dakika 35 hivi. Tafadhali msiruke tarehe: dawa ikipungua mwilini, seli hupasuka tena, mkojo hukoza rangi, na damu huweza kuganda kwenye mishipa.