Namna ya Kutambua Chanzo cha Maumivu ya Mgongo

Mtu akianza kuumwa kiuno, neno la kwanza analoambiwa mara nyingi ni kwamba figo zake zimeharibika. Hofu hiyo huwapeleka wengi kwenye dawa za kusafisha figo, ilhali tatizo liko kwenye misuli, kano na viungo vya mgongo wenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na kwamba takribani asilimia 90 ya maumivu ya aina hii hayatokani na ugonjwa mmoja unaoweza kutajwa kwa jina. Maumivu hayo ni ya kweli na yanaweza kumlaza mtu kitandani, lakini kwa kawaida hayaashirii hatari, na wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki sita.

Anza kwa kuchunguza mahali panapouma na kinachobadilisha maumivu hayo. Maumivu ya figo hukaa juu zaidi kuliko watu wanavyodhani, chini ya mbavu za mwisho, aghalabu upande mmoja, na hayabadiliki sana ukiinama au ukigeuka. Maambukizi ya figo huja na homa, kutetemeka, kichefuchefu au mkojo unaochoma. Mawe ya figo huleta maumivu makali yanayokuja kwa vipindi na kushuka hadi kwenye kinena, na mgonjwa huhangaika bila kupata mkao wa kumtuliza. Ikiwa maumivu yako yapo kiunoni, yanaongezeka unapoinuka kitini na kupungua unapobadilisha mkao, yaelekea yametokana na misuli au viungo vya mgongo.

Kisha angalia kama maumivu yanateremka mguuni. Kiuno kina pingili tano, na kati ya pingili na pingili kuna diski, yaani kitu kama mto mdogo wenye ganda gumu na kiini laini. Diski mbili za chini kabisa ndizo zinazobeba mzigo mkubwa, na ndizo zinazotokeza nje mara nyingi zaidi na kugusa mshipa wa fahamu. Dalili yake ni maumivu yanayochoma au kupiga kama shoti, yakipita takoni na nyuma ya paja hadi chini ya goti, yakiambatana na ganzi, na yakizidi unapokohoa au kupiga chafya. Hata hali hii inayotisha hupona kwa wengi bila upasuaji, kwa sababu mara nyingi mwili wenyewe huipunguza sehemu ya diski iliyotokeza.

Saa ya maumivu nayo ni ushahidi muhimu. Kijana anayeamka na mgongo uliokakamaa kwa zaidi ya nusu saa, akapata nafuu anapotembea na kuumia zaidi anapopumzika, anapaswa kuchunguzwa kama ana ugonjwa wa uvimbe wa viungo vya uti wa mgongo, ambao huchelewa sana kugunduliwa. Mzee ambaye miguu yake humuuma na kuwa mizito akitembea, lakini akapata nafuu akiketi au akiinama mbele, huenda njia ya mishipa ya fahamu katika mgongo wake imekuwa nyembamba.

Baada ya hapo, pitia kazi zako za siku nzima. Ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na mtu anayeinyanyua kwa mikono iliyonyooshwa mbali na mwili huutwisha mgongo mzigo mkubwa kuliko yule anayesogea karibu, akakunja magoti na kuisogeza ndoo kifuani kabla ya kusimama. Kupalilia kwa jembe la mpini mfupi, kukaa juu ya bodaboda kutwa nzima, ujauzito, kukosa usingizi na msongo wa mawazo vyote huchangia.

Usikimbilie kupiga picha. Vipimo vya MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku) vya watu wasioumwa kabisa huonyesha diski zilizochakaa kwa takribani asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80, hivyo picha peke yake inaweza kumtia mtu hofu bila kumweleza kinachomuuma.

Zipo, hata hivyo, dalili zisizopaswa kusubiri. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukipata ganzi sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa, ukishindwa kukojoa au kuzuia haja, au miguu ikilegea. Homa za jioni, kutokwa jasho usiku na kukonda pamoja na maumivu yasiyotulia huweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho si lazima kiambatane na kikohozi. Wanaokunywa maziwa yasiyochemshwa wakumbuke pia ugonjwa wa brusela, maambukizi ya mifugo yanayoweza kufika kwenye uti wa mgongo. Aliyewahi kuugua saratani, na mzee aliyeanguka hata kidogo, wachunguzwe mapema.

Ikiwa huna dalili hizo, endelea na shughuli nyepesi na utembee kila siku, kwa maana kulala siku nyingi hudhoofisha misuli inayoushikilia mgongo. Mkanda wa kushikilia mgongo hauhitajiki kwa matumizi ya kawaida. Uwe mwangalifu na diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu inayonunuliwa kiholela: ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuleta vidonda vya tumbo na kuziumiza zile figo ambazo mgonjwa alizihofia tangu mwanzo. Ukienda kwa daktari, mtajie kila dawa uliyotumia, zikiwemo za miti shamba, na umweleze mahali panapouma, saa maumivu yanapozidi na mkao unaoyatuliza, kwa kuwa maelezo hayo ndiyo yatakayomwongoza kuamua kama kuna kipimo kinachohitajika.