Jinsi ya kuitambua hatari kabla ya kununua mzigo wa mahindi
Kabla ya kulipia mahindi pale Kibaigwa, soko la nafaka mkoani Dodoma, andika majina ya watu watano unaowauliza habari za soko, kisha uangalie ni wangapi wanaouza palepale unapouza wewe, kwa maana watu wa kijiwe kimoja huona jambo moja. Machi 2021, Kenya ilipozuia kwa siku chache mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na kuvu wa nafaka, bei pekee isingemwonya mfanyabiashara. Ilimpasa kuuliza habari za ukaushaji na unyevu wa punje, ambao haufai kuzidi asilimia 13.5. Kwa hiyo mtafute mtu wa nje ya kijiwe chako, kama mpima sampuli au wakala wa forodha wa Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Kisha jiulize ni habari gani ingekufanya uache kununua. Ukikosa jibu, ahirisha malipo.