Sabuni ya mafuta ya nazi: kostiki soda hupimwa kwa mizani, si kwa kijiko

Kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 183 za kostiki soda ili yote yageuke sabuni. Tumia gramu 174, mafuta kidogo yabaki na sabuni isikaushe ngozi. Maji, gramu 350. Vyote vipimwe kwa mizani ya dijitali.

Kipimo hicho huharibiwa kwanza na hewa yetu ya Mombasa. Weka vipande vichache vya kostiki kwenye kisahani dirishani: vitatota, ving'ae, mwisho viwe matone. Ikishashika unyevu, gramu 174 za mizani si gramu 174 za kostiki tena. Ikizidi kukaa wazi, hewa huigeuza kaboneti, jamaa ya magadi ya Ziwa Magadi, ambayo haitengenezi sabuni kwa mafuta ya nazi. Ukitikisa pakiti usisikie vipande vikicheza ndani, usiinunue. Nyumbani itie kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kukaza, liandike, liweke juu na ulifungie. Kamwe usiitie kwenye chupa ya soda. Mtoto akimeza funda moja tu, koo huungua.

Mafuta nayo yakaguliwe. Yaliyochanganywa na ya mawese huhitaji kostiki pungufu (mawese peke yake ni gramu 142 hivi kwa kilo), kwa hiyo kipimo cha nazi kitaacha kostiki inayochoma ndani ya sabuni. Tia kikombe kwenye friji: mafuta halisi ya nazi huganda yote, meupe na magumu.

Usitumie sufuria za aluminiamu. Kostiki huzila, zikatokota na kutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto. Chukua stenlesi au ndoo nene ya plastiki. Vaa glavu za mpira, miwani ya kufunika macho na nguo ya mikono mirefu, ufanyie kazi barazani penye upepo, watoto wakiwa mbali.

Maji yatangulie chomboni, ndipo kostiki iingie kidogo kidogo huku ukikoroga. Ukigeuza, ukamwagia kostiki maji, hutokota ghafla na kukurukia usoni. Hata ukifanya sawasawa, joto linaweza kupita nyuzi 80 na mvuke wake huchoma kifua, basi geuza uso. Maji ya kisima ya chumvichumvi yaache. Tumia ya mvua yaliyochujwa.

Maji ya kostiki yakipoa hadi nyuzi 40 hivi, yamimine kwenye mafuta, ukoroge mpaka yawe kama uji mwepesi na tone la mwiko liache alama juu. Mimina kwenye kalibu ya kugandishia sabuni. Sabuni ya nazi huwahi kukauka: ikate siku hiyohiyo ikiwa bado na uvuguvugu, la sivyo itamegeka. Ukikuta majimaji chini ya kalibu, usiyaguse, ni kostiki.

Kostiki ikikurukia, vua nguo na umwagie maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake siki, huongeza joto juu ya kidonda. Ikiwa ni jicho, shikilia kope wazi chini ya maji, kisha hospitali hata kama maumivu yametulia. Aliyemeza asukutue mdomo, asitapishwe, akimbizwe hospitali.

Vipande vipange kivulini wiki 4. Sabuni hii hutoa povu hata kwa maji ya bahari.