SOMO: Kuandaa kozi ya chuo inayosomeka na kila mwanafunzi

Wakuu, kila muhula naulizwa: "Nimepata mwanafunzi asiyeona, nifanyeje?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Kwanza, usisubiri apatikane. Ukianza kurekebisha wiki ya tatu, yeye ameshaachwa wiki tatu.

1. Toa silabasi na orodha ya vitabu mapema. Kugeuza kitabu kuwa nukta nundu huchukua muda.

2. Vichwa viwekwe kwa mitindo ya vichwa ya Word, si kukoleza wino tu. Asiyeona hutumia programu inayomsomea skrini kwa sauti, naye huruka kutoka kichwa hadi kichwa.

3. Kurasa za skani. Hapa niliharibu. Nilipiga skani sura za kitabu, nikazipandisha, nikaridhika. Mwanafunzi wangu alinyamaza hadi baada ya jaribio la kwanza, ndipo akaniambia kompyuta yake ilikuwa ikimtangazia ukurasa mtupu. Wiki zote hizo alikuwa akiwaomba wenzake wamsomee usiku. Bado inaniuma. Skani ni picha. Programu ya kusoma skrini haioni herufi ndani yake. Ipitishe kwenye OCR, yaani programu ya kutambua maandishi. TAHADHARI: OCR huchanganya 1 na l, hushona safu mbili kuwa mstari mmoja, na fomula huzivuruga kabisa. Nakili aya, ibandike kwingine. Isiponakilika, haisomeki. Ikitoka vurugu, ndivyo atakavyoisikia.

4. Maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano wa mwangaza wa angalau 4.5:1. Usiseme "vya rangi nyekundu ni lazima". Andika neno "lazima".

5. Video ziwe na manukuu, yaani maandishi ya yanayosemwa. Ya otomatiki yahariri, hasa istilahi.

MASWALI

— Mimi sina mlemavu darasani, inanihusu?
Umejuaje? Disleksia, yaani ugumu wa kusoma maandishi, haionekani usoni. Rudia aya ya kwanza.

— Fupisha mkuu, ndefu sana.
Hatua ya 3.

— Kumwongezea mmoja muda wa mtihani si kuwaonea wengine?
Kama unapima uelewa, muda wa ziada hauwapunguzii wengine chochote. Kama unapima kasi, iandike kwenye silabasi na utetee kwa nini.

— Nafundisha uchumi. Grafu naielezaje kwa asiyeona?
Swali zuri sana, mwalimu. Fikiria unamweleza mtu kwa simu. "Grafu ya mahitaji na ugavi" haimpi kitu. Andika: "Mkunjo wa mahitaji unashuka kuelekea kulia, wa ugavi unapanda, inakutana bei ikiwa 40 na kiasi 100." Lakini kwenye mtihani, kama swali ni kutafuta makutano hayo, utakuwa umempa jibu. Hapo mpe jedwali la takwimu alitafute mwenyewe. Mchoro wenye mistari ya kupapasa ni bora zaidi ukiweza kuupata.

— Word yangu ina vichwa, PDF haina. Kwa nini?
Ulipitia "chapisha"? Njia hiyo mara nyingi hutupa muundo. Tumia "hifadhi kama", uache alama za muundo zikiwa zimewashwa. Kisha pakua NVDA, programu ya kusoma skrini, ni ya bure, uzime skrini na usikilize notisi zako.

— Nimesikiliza. Slaidi ya 7 inasema "picha, picha, picha".
Ile yenye maana iandikie maelezo. Mishale ya urembo itie alama ya pambo, itarukwa.